Jino Linavyohama Ndani ya Mfupa

Jino limezungukwa na mfupa mgumu, na nguvu ya waya wa kupangia meno ni ndogo mno kuuvunja. Basi linapitaje?

Halipiti kama msumari kwenye mbao. Kati ya mzizi na mfupa upo utando wa nyuzi, unene wake takriban milimita 0.2, uliojaa mishipa ya damu na seli. Waya unaposukuma, utando hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Seli zake huhisi mkazo huo, zikatoa kemikali, mojawapo prostaglandini. Upande uliobanwa, kemikali hizo huita seli zinazokula mfupa. Upande uliovutwa, seli nyingine hujenga mfupa mpya. Kazi hiyo huhitaji muda, ndiyo maana jino huenda kiasi cha milimita moja tu kwa mwezi.

Prostaglandini hiyohiyo huzifanya neva ziwe nyepesi kuuma. Waya ukikazwa leo, maumivu hufika kileleni kesho, kisha hupungua ndani ya wiki. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kazi iliyomfanya awe mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya 1982. Ibuprofeni na diklofenaki hupita njia hiyo. Kwa hiyo dawa inayotuliza maumivu yaweza pia kuzima wito wa seli zinazokula mfupa, na majaribio ya wanyama yameonyesha meno yakichelewa. Parasetamoli hufanya kazi zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo, haiingilii sana yanayotokea kwenye taya. Kidonge kimoja au viwili vya ibuprofeni havinitii wasiwasi. Ninayemhofia ni anayevimeza kila siku kwa ajili ya magoti au mgongo bila kumwambia daktari wa meno.

Upasuaji mdogo hufanya kinyume cha dawa hizo: huharakisha jino. Mwaka 1983 Harold Frost, daktari wa mifupa wa Marekani, alieleza kwamba mfupa ukijeruhiwa, eneo lile lote huongeza kasi ya kubomoa na kujenga. Daktari akichanja tabaka gumu la nje la taya, mfupa hapo hupungua madini kwa muda na jino hupita upesi zaidi. Lakini ni kwa miezi michache tu. Kidonda kikipona, mwendo wa zamani hurudi. Kwa meno yaliyobanana kidogo, kwa maoni yangu, faida hiyo haitoshi kumweka mtu chini ya kisu. Na aliyekwisha kuchanjwa apewe parasetamoli, kwa sababu ibuprofeni ingepunguza uvimbe wa jeraha, uleule ambao taya lilichanjwa ili kuuleta.