SOMO LA WIKI: ONYO LA CHETI, ANZA NA SAA

Iwe Tabora au Ujiji, katika njia ya zamani ya misafara, mfanyabiashara wa asali au tumbaku anayeambiwa na kompyuta kuwa cheti cha usalama cha benki si halali asikimbilie kubonyeza "endelea".

Kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Betri ndogo ya ndani ikifa, umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka, na cheti kizuri huonekana hakijaanza. Rekebisha tarehe, badilisha betri.

Tarehe ikiwa sahihi, pata toleo jipya la programu: Septemba 30, 2021 cheti mama kilichotegemewa na Let's Encrypt kilikwisha muda, kompyuta nyingi za zamani zikakwama.

Onyo likibaki, usiandike neno la siri. Uliza benki kwanza. Fedha ikishatoka, kuirudisha ni kazi.