Njia za Mkato kwenye Kompyuta za Shule: Namna ya Kuzipanga kwa Wote



Frateri anayetumwa kusaidia katika shule ya parokia au seminari ndogo mara nyingi hukabidhiwa pia funguo za chumba cha kompyuta. Humo hukutana na tatizo linalojirudia: mwanafunzi anaketi, anafungua menyu ya kuanzia ya Windows, na programu aliyoitumia jana kwenye kompyuta ya jirani haioni. Kipindi ni cha dakika 40. Dakika 10 zikipotea katika kutafuta, robo ya somo imekwenda, na anayeumia zaidi ni yule asiye na kompyuta nyumbani. Tuangalie basi namna ya kuzipanga njia za mkato ili kila mwanafunzi akute menyu ileile popote atakapoketi.

1. Njia ya mkato ni nini?

Ni faili dogo lenye jina linaloishia na .lnk. Halibebi programu, linabeba anwani ya mahali programu ilipo. Sisi tunaosoma falsafa tunaifahamu tofauti kati ya ishara na kitu kinachoashiriwa, ambayo Mtakatifu Agostino aliijadili katika De doctrina christiana. Hapa tofauti hiyo ina matokeo matatu. Ukifuta njia ya mkato, programu inabaki. Ukinakili njia ya mkato kwenye kompyuta isiyo na programu, umepeleka ishara tupu. Na ukiificha, hujamzuia mtu: anayejua programu ilipo ataifungua tu. Kuzuia ni kazi ya ruhusa za mtumiaji, si ya menyu.

2. Zinakaa wapi?

Windows huunganisha folda mbili na kuzionyesha kama menyu moja. Ya kwanza ni ya mtumiaji mmoja, nayo imo ndani ya folda yake ya AppData. Ya pili ni ya watumiaji wote wa kompyuta hiyo:

C:\ProgramData\Microsoft\Windows\Start Menu\Programs

Hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia. Mwalimu anaweka njia ya mkato kwenye folda yake, anaiona vizuri, kisha wanafunzi wanaingia kwa majina yao na hawaikuti. Kinachokusudiwa kwa wote kiwekwe kwenye folda ya wote.

3. Shule isiyo na seva

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:common programs, kisha bonyeza Enter. Folda ya wote itafunguka. Tengeneza ndani yake folda moja, tuiite Masomo, na uweke humo njia za mkato zinazohitajika. Utahitaji nywila ya msimamizi. Kisha nakili folda hiyo kwa flashi kwenye kompyuta nyingine, baada ya kuhakikisha kwamba programu zimewekwa mahali palepale katika zote.

4. Shule yenye seva

Ikiwa kompyuta zimeunganishwa kwenye Active Directory, kazi hufanyika mara moja kwenye seva kupitia Group Policy. Katika sehemu ya Preferences kuna kipengele cha Shortcuts, chenye vitendo vinne: Create huunda kama haipo, Replace hufuta na kuunda upya, Update hurekebisha iliyopo au kuunda isiyokuwapo, Delete huondoa. Kwa matumizi ya kawaida, Update inatosha.

Unaweza pia kuweka sharti: njia ya mkato iundwe pale tu faili la programu linapopatikana kwenye kompyuta husika. Hivyo ishara tupu zinaepukwa. Kompyuta huchukua maagizo mapya zinapowashwa, na baadaye kila baada ya dakika 90, pamoja na nyongeza isiyozidi dakika 30. Ukitaka kujaribu papo hapo, andika gpupdate /force kwenye dirisha la amri.

5. Tahadhari

Wengine hutumia amri ya robocopy kunakili njia za mkato kutoka seva kila kompyuta inapowashwa. Ni njia nzuri, lakini kiambishi /MIR hufanya folda pokezi ifanane kabisa na folda chanzi. Kisichokuwapo kwenye chanzi hufutwa. Ukikielekeza kwenye folda nzima ya Programs, utafuta njia nyingine zote za mkato zilizokuwamo. Kielekeze kwenye folda ndogo ya Masomo pekee. Wanafunzi wapewe ruhusa ya kusoma folda ya seva, wasipewe ya kuandika.

6. Kumbukumbu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andika ni njia zipi za mkato zimewekwa, kwa darasa gani, na kwa utaratibu upi. Frateri huhamishwa, naye mwalimu hupangiwa kituo kingine, wanafunzi wanabaki. Chumba kinachotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja hufungwa siku anapoondoka.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kufuta njia ya mkato hakumzuii mwanafunzi kufungua programu?
2. Mwalimu anaiona njia ya mkato, wanafunzi hawaioni. Utaanza kuchunguza wapi?
3. Kuna hatari gani kutumia /MIR kwenye folda nzima ya Programs?

Nawatakia mazoezi mema.