Kabureta ya Bodaboda Kwenye Honda ya Zamani

Honda CG125 ilipotoka mwaka 1976 ilikusudiwa watu wasio na muda wala fedha za kuihudumia pikipiki kila mara. Viwanda vya China vikauchukua muundo wa injini yake, na bodaboda nyingi za mitaani kwetu ni za ukoo huo. Ndiyo maana mwenye CG ya miaka ya 1980 huvutiwa na kabureta za PZ26 na PZ27: zimejaa madukani, bei ni nafuu, na mara nyingi bolti zinakubali. Lakini bolti kukubali hakumaanishi injini imekubali.

Kwanza hakikisha kabureta ya asili imekufa kweli. Pikipiki iliyolala muda mrefu na petroli ndani huziba jeti ndogo, na kusafisha kunatosha. Injini ikinguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na kichwa cha injini. Mlio ukibadilika, hewa inaingia pasipotakiwa, na kabureta mpya haitaliziba tundu hilo. Isiyofaa tena ni ile ambayo slaidi yake, kile kipande kinachopanda unapozungusha mkono wa mafuta, imelika mpaka inacheza ndani ya nyumba yake.

Ukiamua kubadilisha, pima koo la kabureta zote mbili kwa vernia, pamoja na tundu la kuingilia kwenye injini. Koo kubwa zaidi haliongezi nguvu kwenye injini ndogo; hewa hupita taratibu mno, na pikipiki huzubaa unapoondoka. Kile kipande cheusi cha kuzuia joto kati ya kabureta na injini usikitupe. Kaza bolti kwa zamu, kidogokidogo, maana kukaza kupita kiasi hupinda uso wa kabureta, na slaidi inaweza kukwama ikiwa wazi.

Usiamini namba za jeti kwa macho. Jeti za Keihin hupewa namba kwa upana wa tundu, ilhali jeti nyingi za Mikuni hupewa namba kwa kiasi cha mafuta kinachopita. Kwa hiyo 105 ya huku si 105 ya kule. Anza na jeti kuu iliyo kubwa kidogo, kisha shuka. Endesha kwenye barabara tupu mkono ukiwa umefunguliwa wote, zima injini huku umeshika klachi, simama pembeni, fungua plagi. Nyeusi yenye masizi makavu: mafuta yamezidi. Nyeupe kama chaki: mafuta ni machache, injini inaungua, usiendelee na safari. Rangi ya kahawia ndiyo unayoitafuta.

Pikipiki ikisumbua katikati ya mwendo, tazama sindano. Klipu ikishushwa tundu moja, sindano hupanda na mafuta huongezeka. Skrubu ya pembeni ndiyo huwachanganya wengi: ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifungua huongeza hewa, ikiwa upande wa injini, kuifungua huongeza mafuta. Na jeti iliyopangwa Dar es Salaam itakuwa na mafuta mengi ukihamia Arusha, kwa kuwa hewa ya huko juu ni nyepesi.

Wenye Yamaha DT za mipigo miwili wanahitaji tahadhari zaidi. Pampu yake ya oili huvutwa na mkono uleule unaovuta kabureta. Ukiweka kabureta ambayo slaidi yake husafiri umbali tofauti, pampu inaweza kupitwa na mafuta na pistoni ikakamata kwenye silinda. Linganisha alama za pampu kabla ya kuwasha. Fundi asiyezijua alama hizo usimpe kazi hiyo, hata akiwa rafiki yako.

Kazi hii ifanyike nje, bomba la petroli likiwa limefungwa, mbali na sigara na jiko. Ukimaliza, washa, kisha geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Mlio ukipanda, waya wa mafuta umekazwa vibaya. Urekebishe kabla ya kutoka uani. Kabureta ya zamani ioshe, andika namba za jeti zake, na uihifadhi kavu kwenye mfuko. Ukipata slaidi mpya siku moja, utairudisha.