Kimulimuli cha Mchana: Taa za Kuwakawaka na Kuonekana kwa Pikipiki Barabarani

Kimulimuli ni mdudu mdogo, na mwanga wake ni hafifu mno kwa mtu anayetaka kusoma gazeti. Hata hivyo, akipita uani usiku wa giza, macho ya wote waliokaa barazani humgeukia. Siri yake si wingi wa mwanga, bali ni kule kuwaka na kuzimika. Ndiyo maana taa za juu ya magari ya wagonjwa na ya zimamoto nazo zimeitwa vimulimuli.

Katika miaka ya karibuni taa za namna hiyo zimehamia kwenye pikipiki. Mijini na vijijini tunawaona waendesha bodaboda waliofunga taa ndogo zinazowakawaka, nyeupe, buluu na nyekundu. Wengine hupenda urembo tu. Wengine husema wanataka waonekane. Katika makala haya tutalipima dai hilo la pili kisayansi. Je, taa inayowakawaka humfanya mwendesha pikipiki aonekane zaidi? Na akishaonekana, je, amesalimika?

Kutazama si kuona

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwa akiendesha gari, akafika kwenye makutano ya barabara. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama tena kulia, kisha nikaanza kuingia barabara kuu. Pikipiki ikapita mbele ya gari langu kwa umbali usiozidi hatua moja. Juu yake alikuwapo dereva na watoto wawili waliovaa sare za shule. Barabara ilikuwa nyoofu, jua lilikuwa likiwaka, na macho yangu hayana kasoro. Nilitazama upande ule ule ilikotoka, wala sikuiona.

Tukio kama hilo si la ajabu. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali za pikipiki katika eneo la Los Angeles, Marekani. Walichunguza ajali 900 mahali zilipotokea, pamoja na taarifa 3,600 za polisi. Waligundua kwamba, pale pikipiki ilipogongana na chombo kingine, takriban theluthi mbili ya ajali zilitokana na dereva wa chombo hicho kuingilia njia ya pikipiki iliyokuwa na haki ya kupita. Madereva hao walieleza mara nyingi kwamba hawakuiona pikipiki, au waliiona wakati umekwisha kupita.

Sababu imo katika maumbile ya jicho. Sehemu ya retina inayoona kwa ukamilifu ni ndogo sana. Hutosha kuona upana wa kidole gumba viwili tu, mkono ukiwa umenyooshwa. Nje ya hapo picha hufifia. Ili kuona mandhari yote, jicho hurukaruka kutoka mahali hadi mahali, na wakati wa kila mruko ubongo hupunguza sana upokeaji wa picha. Gari ni pana, kwa hiyo si rahisi lipotee kati ya miruko miwili. Pikipiki ni nyembamba. Yaweza kupotea, hasa ikiwa nyuma yake kuna miti, kuta au magari mengine.

Kwa nini mwanga unaobadilika huvuta macho

Sehemu ya pembeni ya retina, ijapokuwa haioni vizuri maumbo na herufi, ni hodari kutambua mabadiliko. Kitu kinachosogea au kinachowaka na kuzimika pembeni huuamsha ubongo, nao huliamuru jicho ligeuke. Babu zetu walioishi na chui na nyoka walinufaika sana na uwezo huo.

Lakini si kila kasi ya kuwakawaka inafaa. Umeme wa gridi yetu una marudio ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo mwanga wa taa ya nyumbani hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Hata hivyo tunauona umetulia, kwa kuwa jicho haliwezi kufuata kasi hiyo. Kwa upande mwingine, taa inayowaka mara moja katika sekunde tatu inaweza kuwa imezimika wakati ule mfupi dereva anapotupa jicho. Kasi ya mara chache kwa sekunde ndiyo ionekanayo vizuri.

Kuna mpaka mwingine wa kuzingatia. Watu wachache wenye aina fulani ya kifafa hupata mshtuko wakitazama mwanga unaopepesa, na hatari huwa kubwa zaidi kati ya mara 15 na 25 kwa sekunde. Taa za barabarani hazina budi kukaa mbali na eneo hilo.

Kanuni ya Marekani

Nchini Marekani, Kanuni ya Usalama wa Magari Namba 108 inaruhusu taa kubwa ya pikipiki ipungue na kuongezeka mwanga, na imeeleza masharti kwa tarakimu. Kasi iwe mizunguko 240 kwa dakika, isizidi wala kupungua kwa zaidi ya 40. Taa iwe na nguvu yake kamili kwa asilimia 50 hadi 70 ya kila mzunguko. Inapofifia, mwanga usishuke chini ya asilimia 17 ya ukali wake wa juu kabisa. Kuwe na kihisio kinachopima mwanga wa mazingira. Kikitazama juu na mwanga ukishuka chini ya luksi 270, taa iache kubadilika na iwake kwa utulivu.

Tuyapime masharti hayo. Mizunguko 240 kwa dakika ni 4 kwa sekunde, basi mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.25. Tuseme taa ina nguvu kamili kwa asilimia 60 ya mzunguko, na ina asilimia 17 ya mwanga kwa asilimia 40 iliyobaki. Wastani wa mwanga ni:

(0.60 × 100) + (0.40 × 17) = 66.8

Yaani taa hiyo hutoa kama theluthi mbili tu ya mwanga wa taa iliyotulia, na bado huvuta macho zaidi. Hapa kimulimuli wetu amethibitishwa kwa hesabu.

Msomaji atambue mambo mawili. Kwanza, taa haizimiki kabisa, kwa hiyo hakuna dakika ambayo pikipiki haina taa. Pili, usiku haibadiliki hata kidogo. Gizani mboni za macho zimepanuka, na taa kali inayopepesa huwatia kiwi wanaokutana nayo; tena mwendesha pikipiki mwenyewe anahitaji mwanga uliotulia ili aone mashimo.

Si nchi zote zilizokubali njia hiyo. Kanuni za taa za magari za Uingereza za mwaka 1989 zinakataza taa za kuwakawaka isipokuwa zilizotajwa, kama vile indiketa na taa za vyombo vya dharura. Tangu mwaka 2005 baiskeli zimeruhusiwa kuwa na taa za namna hiyo, lakini pikipiki hazikuruhusiwa.

Kuonekana ni nusu ya safari

Dereva aliyekwisha kuiona pikipiki bado ana swali la kujibu: Itafika lini? Msaada mmoja mkubwa wa kujibu swali hilo ni namna kitu kinavyokua machoni kadiri kinavyokaribia.

Upana wa kitu ukigawanywa kwa umbali wake, tunapata pembe yake machoni kwa radiani. Tuchukue pikipiki yenye upana wa mita 0.75, inayokwenda kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde. Ikiwa mita 100 kutoka kwa dereva, pembe yake ni radiani 0.0075. Baada ya sekunde moja imefika mita 83.3, na pembe ni 0.0090. Imeongezeka kwa 0.0015 tu. Watafiti wa uonaji hukadiria kwamba jicho hutambua ukuaji huo ufikapo karibu radiani 0.003 kwa sekunde. Kwa hiyo dereva anaona pikipiki, lakini kwake ni kama kitu kilichosimama.

Kasi ya ukuaji wa pembe hupatikana kwa kuzidisha upana kwa mwendo, kisha kugawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Tukitumia kanuni hiyo na kikomo cha 0.003, mwendo ukiwa kilomita 60 kwa saa, tunapata:

Gari lenye upana wa mita 1.7: ukuaji huanza kuonekana likiwa mita 97, yaani zimebaki sekunde 5.8.
Pikipiki mchana, upana wa mita 0.75: mita 65, sekunde 3.9.
Pikipiki usiku, taa moja yenye upana wa mita 0.15: mita 29, sekunde 1.7.

Sasa tulinganishe na muda anaouhitaji dereva kuvuka. Gari linaloanza kutoka kusimama na kuongeza mwendo kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, huchukua kama sekunde 3.5 kusogea mita 12. Anayevuka mbele ya gari jingine ana nafasi ya kutosha kutambua kosa lake. Anayevuka mbele ya pikipiki mchana ana nafasi finyu. Anayevuka mbele ya taa moja usiku, mara nyingi hana.

Hapo ndipo udhaifu wa taa ya kuwakawaka unapodhihirika. Inaita, "Nipo!" Haisemi, "Niko umbali huu, nami naja kwa mwendo huu." Kuwakawaka hakuongezi upana. Kwa usiku dawa yake ni taa zilizotulia na kutenganishwa, ili jicho lione umbo linalokua. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba pikipiki yenye taa tatu zilizopangwa kwa pembetatu ilikadiriwa mwendo wake vizuri zaidi kuliko yenye taa moja.

Tufanye nini?

Mfano wa Malaysia unafundisha. Mwaka 1992 nchi hiyo iliamuru pikipiki zote ziwashe taa mchana: taa za kawaida, zisizopepesa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ajali zinazohusiana na kutoonekana zilipungua kwa takriban asilimia 29. Kuwasha taa iliyokwisha kuwapo hakuhitaji kununua chochote.

Kwa hiyo taa kubwa iwashwe mchana na usiku, nayo iwe mwanga wa chini. Mwendesha pikipiki na abiria wavae vizibao vinavyoakisi mwanga. Taa nyekundu isifungwe mbele, kwani nyekundu humwambia dereva kwamba anatazama nyuma ya chombo. Wala za buluu zisiigwe kutoka magari ya dharura. Taa ya kuwakawaka itumike mchana tu, kwa vipimo kama tulivyoeleza, na pale tu sheria inaporuhusu. Tena tukumbuke kwamba kimulimuli mmoja huonekana kwa sababu yuko peke yake. Siku pikipiki zote za mji zikiwakawaka, hakuna itakayovuta macho, na gari la wagonjwa litapotea katikati yao.

Jaribio la darasani

Mwanafunzi mmoja akae, afumbe jicho moja, na kukazia lingine kwenye alama ubaoni. Mwenzake alete tochi hafifu polepole kutoka pembeni, kwanza ikiwa imetulia, kisha ikifunikwa na kufunuliwa kwa kiganja mara mbili kwa sekunde. Pimeni pembe ambayo tochi inatambuliwa katika kila hali. Rudieni mara tano na kutafuta wastani. Mwanafunzi mwenye kifafa asishiriki.

Maswali

1. Taa hufanya mizunguko 200 kwa dakika, ikiwa na nguvu kamili kwa nusu ya mzunguko. Mzunguko mmoja ni sekunde ngapi, na taa ina nguvu kamili kwa muda gani?
2. Kokotoa umbali ambao ukuaji wa pikipiki ya mchana unaanza kuonekana, mwendo ukiwa kilomita 90 kwa saa. Zimebaki sekunde ngapi? Je, zinatosha?
3. Simama mahali salama karibu na shule kwa nusu saa ya mchana, uhesabu pikipiki zilizowasha taa na zisizowasha. Andika barua fupi kwa waendesha bodaboda wa kijiwe cha jirani, uwaeleze ulichokipata.