Mkaa wa Masika: Hesabu ya Getoni

Wanachuo wenzangu, masika yaliyopita yalinifundisha hesabu ambayo darasani haipo. Nimepanga Mbagala, na nilizoea kununua mkaa kopo kwa kopo. Mvua ya Aprili ilipokolea, njia za porini zikawa tope, magari yakachelewa, bei ikapanda. Tena mkaa wenyewe umelowa: moshi mwingi, moto kiduchu.

Siku hizi, Februari, nachanga na jirani tunanunua gunia. Tunaliweka juu ya matofali, mbali na ukuta unaovuja. Maharage naloweka usiku, yaive upesi.

La mwisho: mvua isikufanye uingize jiko ndani na kufunga mlango. Gesi yake ya sumu haina harufu, na inaua. Mimi niliambulia kichwa kuuma tu, kwa kuwa jirani aliwahi kusukuma mlango.