Nuru ya Majarra na Kupungua Kwake

Mtu asimamapo ukingoni mwa uwanda wa Newala usiku wa Desemba usio na mwezi, akaelekea kusini upande wa Ruvuma, huona mawingu mawili meupe kama moshi, yasiyopeperushwa na upepo. Huko Masasi nako huonekana, pasipozibwa na majabali. Hayo si mawingu. Ni majarra mbili ndogo, ziitwazo siku hizi galaksi, yaani makundi ya nyota zisizohesabika.

Nuru ya lile kubwa husafiri kiasi cha miaka 160,000 hata ikafika Newala. Mfano wake ni barua: msomaji hupata habari za siku ilipoandikwa, si za siku alipoifungua. Basi wenye darubini, kila watazamapo mbali zaidi, husoma barua ya kale zaidi.

Na barua hizo zaeleza kwamba katika umri wa ulimwengu, miaka kiasi cha bilioni 13.8, majarra zilikuwa kwanza ndogo na nyingi, kisha zikaungana, kubwa zikazimeza ndogo. Kuzaliwa kwa nyota kulifikia kilele miaka bilioni 10 hivi iliyopita. Leo kumebaki kama fungu moja katika kumi. Sababu ni hewa baridi ziumbwazo nyota: imetumika, na mpya haiingii kwa wingi. Mtu wa Newala hahitaji maelezo marefu, kwani uwanda wake hauna mito, na zamani maji yalitekwa mabondeni. Mtungi usiojazwa hupungua kwa kila kata.

Habari hii yagusa mas'ala ya kale. Galen, tabibu wa Kiyunani, alidai kwamba jua halikuonekana kupungua kwa waliolipima, kwa hiyo haliharibiki. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimjibu katika Tahafut al-Falasifa kwamba jua ni kubwa mno; lingepungua kiasi cha milima, jicho lisingetambua. Wala hakuwa na darubini! Lakini mwenye pupa asitie neno lisilokuwamo: kipimo cha leo chaonyesha kwamba mbingu zina umri na mageuko, hakikati kila hoja ya wale wawili.

Tena darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeona majarra za miaka kiasi cha milioni 300 tu baada ya mwanzo, nyingine ziking'aa kuliko ilivyotazamiwa, na wataalamu wangali wakijadiliana kwa nini.

Ama lile wingu kubwa la kusini, hewa yake haijaisha. Nyota zingali zikizaliwa humo, na Februari 1987 moja ilionekana ikipasuka, kwa jicho tupu.