Dondoo muhimu: Kuangalia ndege chini ya Mlima Meru

Hifadhi ya Taifa Arusha ina aina zaidi ya 400 za ndege, lakini haraka huwanyima wageni wengi raha ya kuwaona.

1. Fika getini alfajiri. Jua likipanda, ndege wa msituni hunyamaza.
2. Jiandae kulipa kiingilio kwa kadi au kwa namba ya malipo, si kwa noti.
3. Vaa kijani au kahawia, na beba koti.
4. Kwenye msitu wa Ngurdoto simama mahali pamoja dakika 10, usikilize kwanza. Shorobo hujificha majanini; akiruka ndipo mabawa yake mekundu huwaka ghafla.
5. Zunguka Maziwa ya Momella yote, maana heroe huhama ziwa hadi ziwa.
6. Usitembee kwa miguu bila askari wa hifadhi: nyati hulala vichakani, karibu kuliko unavyodhani.
7. Tafadhali sana, usimwite ndege kwa sauti ya simu; huacha kiota akimtafuta mpinzani asiyekuwepo.
8. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya waangalie Novemba hadi Aprili. Machi ikiingia, ikinge darubini na mvua.